Kupwa, Bamvua na Bei ya Mwisho: Maneno ya Msafiri wa Mfuko Mdogo katika Miji ya Mawimbi

Kiswahili kina neno la kuzunguka katika intaneti, nalo ni kuvinjari. Asili yake ni ya baharini: chombo huvinjari kinapozunguka kwa tahadhari, nahodha akichungulia huku na huku. Ule mchezo wa kusimama juu ya ubao na kubebwa na wimbi hadi ufuoni, ambao ndio uliowapa Waingereza sitiari yao ya intaneti, haujapata neno moja lililokubalika na wote. Kwa maneno mengine, lugha ya watu wa pwani imelitia jina wimbi la kompyuta kabla ya kuutia jina mchezo wa wimbi la maji.

Magazeti huandika kuteleza juu ya mawimbi, au kuteleza mawimbini. Msomaji anaelewa, lakini kitenzi kuteleza kina kasoro yake. Maana yake ya kwanza ni kupoteza mhimili bila kukusudia, na ndiyo sababu husemwa kwamba kuteleza si kuanguka. Mchezaji mahiri hapotezi mhimili; kazi yake yote ni kuushika. Kupanda kungefaa zaidi, kwa kuwa Kiswahili hupanda farasi, hupanda gari na hupanda chombo, na kutoka hapo mpanda mawimbi ni nomino inayotamkika kuliko mtelezaji wa juu ya mawimbi. Ubao wake unaweza kuitwa ubao wa mawimbi, na wingi wake ni mbao za mawimbi, jambo ambalo halina budi kumchekesha seremala. Mkenya naye ana sababu yake ya kucheka, maana kwake wimbi la dukani ni ile nafaka ambayo Mtanzania huiita ulezi.

Pengo hilo la jina, hata hivyo, halimdhuru mtu. Msafiri wa mfuko mdogo anayeshuka Malindi au Paje akiwa na shanta moja mgongoni na fedha za wiki mbili anahitaji zaidi maneno ya kale ya upepo na maji, pamoja na maneno mapya ya chumba na nauli. Kamusi nyingi huyaeleza maneno hayo kwa mstari mmoja mmoja. Kwa neno kama bamvua, mstari mmoja ni mchache mno.

Kwanza, mji wa mawimbi ni upi? Sehemu kubwa ya pwani ya Afrika Mashariki imezungukwa na mwamba wa matumbawe, na mwamba huo hulivunja wimbi mbali na ufuo. Anayesimama kwenye mchanga wa Paje au Jambiani, mashariki ya Unguja, huliona wimbi kama mstari mweupe wa povu upande wa upeo wa macho, huku mbele yake kukiwa na maji yaliyotulia. Malindi ni tofauti kwa sababu ya mto. Matumbawe hayastawi penye matope na maji matamu, na mto Sabaki humwaga vyote viwili baharini kaskazini kidogo ya mji. Kwa hiyo ghuba ya Malindi ina upenyo katika mwamba, na wimbi la bahari kuu hufika hadi mchangani. Malindi basi ni mji wa mawimbi kwa maana kamili. Paje ingeitwa kwa haki zaidi mji wa upepo, kwani wageni wengi wa ubao wanaokwenda huko huvutwa na tiara kubwa juu ya maji ya kina kifupi, na wachache tu hupelekwa kwa chombo hadi mwambani kulitafuta wimbi lenyewe.

Upepo huo una majina. Kusi huvuma kutoka kusini, tangu Aprili au Mei hadi Septemba au Oktoba, na nguvu yake hukolea Juni, Julai na Agosti. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini, kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi. Kati ya pepo hizo mbili kuna vipindi ambavyo upepo haujui uendako. Mabaharia huviita tanga mbili au maleleji. Mwisho wa kusi, pepo zinapolegea, huitwa demani. Anayefuata mawimbi ya Malindi huyapata wakati wa kusi, na anayefuata tiara za Paje hupata misimu miwili, ya kusi na ya kaskazi. Neno msimu lenyewe limetoka katika Kiarabu, mawsim, neno lile lile ambalo mabaharia wa Ulaya walilichukua kuziita pepo hizi.

Hapo ndipo upepo unapogusa mfuko. Masika ya Aprili na Mei huangukia tanga mbili: mvua ni nyingi, upepo hauaminiki, wageni huondoka na vyumba hushuka bei. Vipeperushi vya utalii huita kipindi hicho msimu wa chini, tafsiri ya neno kwa neno isiyomwambia Mswahili chochote, kwa sababu katika lugha yake msimu haupandi wala haushuki. Msimu wa wageni wachache ni maneno mengi kidogo, ila yanaeleweka. Msafiri anayetaka bei nafuu pasipo kupoteza upepo wote hufanya vyema kuulizia siku za kwanza au za mwisho za kusi. Anaposema demani, mvuvi humwelewa mara moja na kumpa jibu ambalo kalenda haina.

Neno lenye uzito kuliko yote katika mada hii ni kitenzi kimoja kifupi, -pwa. Maji hupwa yanaporudi nyuma na kuuacha ufuo wazi, kinyume cha kujaa. Pwani ni ndugu wa kitenzi hicho, yaani ni mahali ambapo maji hupwa. Kipwa, wingi wake vipwa, ni mwamba au fungu linalojitokeza maji yanapokupwa na kuzama yanapojaa. Chombo kilichoachwa kikavu na maji kimepwelewa. Msafiri aliyekodi ngalawa na kumsisitiza nahodha asubiri picha moja zaidi anaweza kulijifunza neno hilo kwa saa kadhaa, akiwa amekaa juu ya mchanga katikati ya bahari.

Kisarufi, -pwa ni kitenzi cha silabi moja kama -la, -nywa na -fa, na hufuata kanuni zao. Huibakiza ku- baada ya -na-, -li-, -me- na -ta-: maji yanakupwa, yalikupwa, yamekupwa, yatakupwa. Huidondosha baada ya hu-, -ki- na -ja- na katika ukanushi wa wakati uliopo: maji hupwa, yakipwa, hayajapwa, hayapwi. Methali isemayo maji yakijaa hupwa inaonyesha umbo la mazoea. Wanafunzi wengi huandika yanapwa, na walimu huwasahihisha kama jambo la tahajia tu. Ufuoni, viambishi hivi hubeba zaidi ya alama za mtihani. Mwenyeji akisema maji yamekupwa, bahari imefika mwisho wa kurudi na zamu inayofuata ni ya kujaa. Akisema maji yanakupwa, bado yanatoka. Akisema yameanza kujaa, anayekwenda mwambani kwa miguu amechelewa, hata kama machoni pake hakuna kilichobadilika.

Sababu ni umbo la ufuo. Chini ya mwamba wa mashariki ya Unguja ardhi si tambarare kabisa. Kuna mabonde na vijito ambavyo havionekani kutoka mbali. Maji yanapojaa hupita kwanza katika milango ya mwamba na kujaza mabonde hayo, nayo mara nyingi yapo nyuma ya mtu aliyesimama kwenye mwamba mkavu akiyatazama mawimbi mbele yake. Anapogeuka, njia aliyojia imekuwa mkondo. Waongozaji wa huko hawana haja ya kumweleza mgeni elimu ya mwezi. Humwambia turudi, maji yanajaa, na kitenzi hicho kina maana ya sasa hivi.

Kiasi cha maji yanayotoka na kuingia hutegemea mwezi. Siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, au siku moja mbili baadaye, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana, na katika bamvua kubwa tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Takriban juma moja baadaye huja maji mafu, ambapo tofauti hiyo hupungua sana. Istilahi hii ya pili humpotosha anayeitafsiri neno kwa neno. Mafu ni ya kufa, naye hudhani kwamba bahari imekufa, haina nguvu, haina hatari. Kilichopungua ni mwendo wa kujaa na kupwa, na mikondo inayosababishwa na mwendo huo. Wimbi linaloletwa na kusi haliangalii mwezi. Laweza kuwa kubwa siku ya maji mafu kama siku ya bamvua. Kamusi inayoandika tu kwamba maji mafu ni maji yasiyojaa sana wala kupwa sana haijakosea, lakini mfano mmoja wa sentensi ungemfaa msomaji: Leo ni maji mafu, ila nje ya mwamba bahari imechafuka.

Bamvua lina saa zake, na hili ni jambo la manufaa ambalo watu wa pwani hulijua bila kulitaja. Katika pwani ya Kenya na Unguja, siku za bamvua maji hujaa takriban saa kumi, alfajiri na tena alasiri, na hupwa takriban saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi, hata ifikapo maji mafu mambo yamegeuka na kujaa kumeangukia karibu na saa nne. Anayeutazama mwezi usiku ana jedwali la kesho bila kulipia. Anayetumia jedwali la simu hana budi kukumbuka kwamba 16:10 ya simu ni saa kumi na dakika kumi alasiri ya nahodha, na kwamba miadi ya saa nne asubuhi iliyotafsiriwa vibaya kuwa 4:00 itamkuta gizani, maji yakiwa yamejaa, na hakuna mtu ufuoni.

Saa nne hiyo ya bamvua ni saa ya kazi kwa wengine. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza mashariki ya Unguja mwaka 1989, katika vijiji hivi hivi vya Paje na Jambiani, na wakulima wake walio wengi ni wanawake. Maji yanapokupwa huingia mashambani kufunga mbegu, kukaza kamba na kuvuna. Shamba la mwani ni safu za vigingi na kamba, na maji yakijaa halionekani. Kwa mgeni, pale ni bahari tupu ya kuchezea; kwa mwenyewe ni shamba, neno lile lile linalotumika kwa mihogo, na hakuna anayepita na jembe lake katika mihogo ya mtu. Kigingi humchana mpanda ubao mguu, na ubao hukata kamba ya mtu aliyeinama saa tatu majini kuifunga. Swali la Je, hapa pana mwani? halina gharama, na likitanguliwa na shikamoo, kwa mama aliyezidi umri wa anayeuliza, hupata jibu refu.

Maneno ya chumba ni mapya zaidi na yanatofautiana kati ya nchi na nchi. Mtanzania hulala gesti, ambayo kwenye bango huandikwa nyumba ya wageni. Mkenya husema gesti pia, au lojing. Hoteli ni neno la kuangaliwa: mtaani, hoteli mara nyingi ni mahali pa kula, na anayeuliza hoteli ya bei nafuu aweza kuelekezwa kwenye sahani ya wali wa nazi badala ya kitanda. Kwa mfuko mdogo huo si mkosi. Mahamri na mbaazi ya asubuhi Malindi, au chakula cha mama ntilie nyuma ya kituo cha daladala, humgharimu msafiri sehemu ndogo ya kile anachotozwa mita mia mbili kutoka hapo, mbele ya bahari.

Kuna pia gesti bubu. Sifa bubu, ambayo kwa mtu ni ya kutoweza kusema, imepanuka Tanzania na kumaanisha isiyosajiliwa: bandari bubu ni mahali vyombo vinapotia nanga nje ya macho ya mamlaka, na gesti bubu ni nyumba inayolaza wageni bila leseni, mara nyingi bila bango na bila kitabu cha wageni. Bei yake huvutia. Lakini mgeni ambaye jina lake halijaandikwa popote, akipotelea majini au akiibiwa, ameanza safari ya kutafutwa kwa shida. Bubu ni sitiari sahihi kuliko ilivyokusudiwa.

Chumba huulizwa kwa siku: Chumba shilingi ngapi kwa siku? Kwa usiku ni tafsiri ya lugha nyingine, ingawa sasa inasikika. Neno usiku lina mtego mwingine. Katika hesabu ya asili ya pwani siku huanza magharibi, jua linapotua, hivyo usiku wa Jumamosi kwa mzee wa Jambiani ni ule unaoitangulia mchana wa Jumamosi, ambao kijana wa Nairobi angeuita Ijumaa usiku. Watangazaji wa redio hukwepa utata huo kwa kusema usiku wa kuamkia Jumamosi. Anayeweka nafasi ya chumba kwa simu afanye vivyo hivyo, ataepuka kulipia siku asiyolala.

Katika bei, Kiswahili hutenganisha watu ambao lugha ya matangazo huwachanganya. Mwenyeji ni wa mahali pale. Mkaazi ni anayeishi nchini kwa haki au kibali. Mgeni ni yeyote aliyetoka kwingine, na mtalii ni mgeni aliyekuja kutembea. Mtu wa Bukoba akiwa Paje ni mgeni mbele ya mwenye gesti, lakini mbele ya karani wa tiketi ya boti ya Unguja ni mkaazi anayelipa nauli ya wakaazi, huku aliyetoka ng'ambo akitozwa nauli ya juu zaidi. Si sahihi, basi, kulalamika juu ya bei ya mgeni kana kwamba daima ni ulaghai. Mahali pengine ni kanuni iliyobandikwa ukutani. Penye kanuni hakuna kupatana. Kupatana bei ni kwa mahali ambapo bei imetoka mdomoni.

Hapo msarifu wa vitenzi una kazi yake. Punguza ni amri na hupunguza tu uwezekano wa kusikilizwa. Nipunguzie, kwa kauli ya kutendea, humweka mnunuzi ndani ya kitenzi kama mtu anayefanyiwa hisani, na ikiambatana na kaka, dada au mama huwa ombi kamili: Nipunguzie kidogo, mama, nakaa wiki nzima. Sababu iliyotajwa mwishoni ina nguvu kuliko namba. Bei ya mwisho ngapi? huulizwa mara moja tu. Anayeiuliza mara tatu ameshaonyesha kwamba haamini neno mwisho, na muuzaji naye ataacha kuliamini.

Limebaki neno moja ambalo msafiri hulisikia Unguja tangu anaposhuka bandarini. Papasi ni mdudu wa jamii ya kupe, mwenye kuuma na kuambukiza homa, na mjini Zanzibar jina hilo wamepewa vijana wanaowafuata wageni wakiwatafutia chumba, gari au safari ya chombo ili walipwe kamisheni. Wingi wake ni mapapasi, na sentensi huchukua upatanisho wa watu: mapapasi wamejaa bandarini. Wengine kati yao hulitumia wenyewe kwa mzaha. Mgeni hana ruhusa hiyo. Kijana huyo huyo huenda ndiye anayejua kwamba kesho ni bamvua, kwamba mlango wa mwamba wa upande wa kusini una mkondo mkali, na kwamba gari la mwisho la kurudi mjini huondoka kabla ya magharibi. Akiitwa kaka atayasema hayo hata pale ambapo chumba hakikupatikana kupitia kwake. Wito usiofaa kabisa ni oya, ambao kwa mtu usiyemjua husikika kama kumkemea.